Matundu Ishirini

Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Verena alivumilia siku mbili kifudifudi kwenye kozi ya bunduki ya wanaoanza, akala mbichi. Sasa alikuwa kwenye basi la kurudi mjini Altdorf, bunduki tupu magotini, na kwa kuwa huko bunduki ni jambo la kawaida, hakuna abiria aliyeitazama zaidi ya ambavyo angetazama mwavuli. Mabega yalimuuma. Ubavuni alikaa Beat, aliyelala akilenga kwenye mkeka wa jirani uwanjani.

"Baba ana nishani kumi na mbili za kulenga shabaha ukutani, mama," Beat alimwambia. "Nimeshampigia simu kwamba nimepata yangu ya kwanza. Ananisubiri stesheni!"

"Ulipewa risasi kumi, bwana. Karatasi yako ya shabaha ilikuwa na matundu ishirini. Mengine yametobolewa na panya?"

"Mkufunzi aliangalia katikati tu. Ungenyamaza!"

"Matundu ya katikati yalikuwa yangu. Nililenga karatasi yako kwa makosa, yangu ikabaki safi kama shuka."

"Basi, uniombe radhi."

Basi likasimama stesheni. Nje, mzee mmoja alikuwa ameshika shada la maua.

Verena aliinuka, magoti yakilia. "Kwa kulenga karatasi yako, samahani. Lakini kwa kukuambia ukweli, siombi radhi."