Mkalimani ni wa Alhamisi

Niyomugabo, mkalimani wa wakimbizi, aliwasikia abiria wawili wanawake nyuma yake teksi ilipoingia Mbarara.

"Munganga wa kupasua anakuyaka Jumanne, mukalimani Alhamisi," alisema mama wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale aliyempakata mwanawe. "Aliniuliza kitu, nikaitika ndiyo, juu kwetu hatubishake na munganga. Kumbe anauliza kama mutoto amekula. Bakaahirisha kumupasua."

"Pole, mama. Na leo?" aliuliza jirani yake kitini, mke wa askari.

"Leo, kila kitu nitajibu hapana."

"Eeh, hiyo ni mzuri!"

Niyomugabo alijua swali la kwanza la daktari: mzazi anakubali mtoto apasuliwe? Lakini mashirika ya misaada yalikuwa yakimngoja akalimani mkutano wao wa kushirikiana, na alishachelewa.

Teksi ikasimama. Mama akashika njia ya kushoto, ya hospitali. Mkutano ulikuwa kulia.