Sauti Iliyoimbwa Kabatini

Kwenye basi, mbele yangu na mwanangu aliyelala, mama mshonaji mwenye futi shingoni alimpa jirani yake, fundi redio, upande mmoja wa hedifoni. "Hebu sikiliza, kaka. Hii albamu ni ya binti yangu na kundi lake la gitaa. Ananingoja kituoni nimwambie nimeionaje, na mimi sijui hata nimsifu wapi."

Fundi alikunja uso. "Mama, gitaa zinakwaruza, na sauti ya mtoto imezama kama anaimba kabatini."

"Si ndiko alikoimbia! Anasema ndio mtindo."

"Mtindo gani? Redio ikilia hivi naifungua niitengeneze. Na hiyo tatata inayopigwa badala ya ngoma?"

Mama alisita. "Cherehani yangu. Alinirekodi nikishona, wala sikujua. Sasa hapo nimeheshimiwa au nimechekwa?"

Fundi aliibana hedifoni sikioni. Mimi nina cheti cha masomo ya jioni, lakini swali hilo halikuwemo kwenye mtihani.

Basi likasimama. Binti alikuwa pale nje, gitaa mgongoni, akichungulia madirisha. Mama aliinuka.

"Ngoja kwanza, mama," fundi alisema, hedifoni ikiwa bado sikioni. "Wimbo haujaisha."