Siku Niliyotenganishwa na Kulwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mkurugenzi, waheshimiwa madiwani, padri wetu na wachungaji, wataalamu wa mitambo mliotoka mbali, wafanyakazi wa ofisi ya usajili, wazee wangu, kina mama, mayu wenzangu, na vijana wote mliofika hapa Lagangabilili: mwangaluka.

Nimeombwa niseme machache ya kumuaga Ndugu Danford Mwandu, ofisa usajili wetu, anayehamishiwa mkoa mwingine. Walioniomba walikosea kidogo, kwa sababu mtu aliyewahi kuwa marehemu halafu akapewa kipaza sauti hawezi kusema machache. Mnacheka, lakini mimi Doto Ngassa, mkulima wa pamba, nilikaa marehemu tangu palizi mpaka pamba ikaanza kupasuka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, desturi ya mapacha kwetu unaijua. Ukimnunulia Kulwa kitenge, Doto naye anakatiwa hicho hicho. Ukimkaribisha mmoja kiti, tafuta na cha pili. Siku ya kujiandikisha mimi na dada yangu Kulwa tulikwenda kama tulivyolelewa: kitenge kimoja, nywele zimesukwa mtindo mmoja, na hatukukubali mmoja apigwe picha asubuhi na mwingine mchana. Vidole vyetu vimesuguliwa na mpini wa jembe, mashine ikashindwa kuvisoma, ikabaki na sura. Ile akili mnemba iliyowekwa kwenye mfumo ikaona wazazi wale wale, tarehe ile ile ya kuzaliwa, sura ile ile, hata nguo, ikaamua kwamba huyu ni mwanamke mmoja mjanja mwenye majina mawili. Ikatuunganisha bila kumuuliza mtu, nasi hatukujua.

Kisha Kulwa akafariki. Mumewe, shemeji yangu Jilala, akaenda kutoa taarifa kama sheria inavyotaka, na mfumo ulipomfunga yeye kama marehemu ukanifunga na mimi. Niligundua hospitalini, nilikokwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho. Binti wa mapokezi aliangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akasema kwa upole, "Mama, bima inaonyesha umefariki." Matanga ya dada yangu yalikuwa hayajaisha, ndugu zangu, nami nikaanza kuzunguka maofisini kuthibitisha kwamba si mimi niliyezikwa. Iliniuma sana. Hata kumlilia Kulwa nilikosa nafasi.

Je, niichukie mashine? Hapana. Mayu wetu mwenyewe, aliyetuzaa, alitukosea. Alikuwa akisimulia kwamba akirudi shambani amechoka aliweza kumnyonyesha Kulwa mara mbili, akadhani ameshatumaliza wote. Lakini mimi nililia, yeye akasikia, akageuka kutazama upya. Sasa ninyi wataalamu mnaotengeneza akili hizi, na ninyi waheshimiwa mnaotunga sera, swali langu kwenu ni hilo tu: mtu akilia nje ya mtambo wenu, nani anasikia?

Hapa kwetu alisikia Danford. Wengine waliniambia mfumo umeshaamua, nirudi wiki ijayo. Yeye alipanda pikipiki hadi nyumbani, akasalimia majirani, akaonyeshwa kaburi, akala michembe yetu ya viazi vilivyokaushwa na chai, kisha akaniambia, "Mayu, mimi nimekuona. Kazi iliyobaki ni wao wakuone." Akaenda kusimama kwenye kikao cha wakubwa wake, akagoma kukaa chini mpaka ikakubaliwa kwamba mashine itaonyesha shaka yake, lakini hakuna mtu atakayefungwa kabla binadamu hajakwenda kumtazama. Walimlaumu kwamba anachelewesha kazi. Ni kweli, huyu bwana ni mchelewaji. Hata kwenye harusi yake alichelewa, mkewe Nyamizi yuko hapa, muulizeni. Lakini jicho hili ninalowatazamia leo linaona, na nimekuja hapa kwa miguu yangu bila kushikwa mkono.

Naomba nimalizie na siku yenyewe. Aliniita ofisini anirudishe kwenye mfumo, watu wamejaa hadi barazani. Nilidhani atabonyeza tu niende zangu. Akaigeuza kompyuta niione, akasema polepole, "Mayu, nikibonyeza hapa mnatenganishwa. Wewe utakuwa hai, na Kulwa atabaki amefariki peke yake. Uko tayari?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza jambo kama hilo. Tangu tumboni tulikuwa wawili, na hata mashine ilipotuua ilituua pamoja. Nikamwambia, "Baba, bado." Akaondoa mkono, akaegemea kiti. Watu kwenye foleni wakanung'unika, yeye akakaa tu, wala hakunitazama usoni. Basi nikamlilia dada yangu pale pale, mbele ya watu, kilio chote nilichokuwa sijakipatia nafasi. Nilipomaliza nikafuta uso kwa kitenge, nikamwambia, "Haya, bonyeza."

Ndugu Danford, kwa kunirudishia uhai wangu nilishakushukuru siku nyingi. Leo nimesimama kukushukuru kwa kunisubiri. Nenda salama, mwanangu. Nanyi nyote mlionitegea sikio mpaka hapa, asanteni sana.