Bi Hafswa na Sufuria Iliyopinduliwa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Hafswa wa Mtongwe, mtaalamu wa familia za samaki. Tumemzika Jumatatu. Kazi yake ilikuwa kujua samaki gani ni wa familia gani, na kwa nini familia ile ikapewa jina lile.

Watu walimcheka. "Samaki ana familia? Nani alimwoza?" Naye alikuwa akijibu, "Cheka tu. Asiyejua ukoo wa kitoweo chake anacheza na roho."

Siku moja wifi yake, Fairuz, alikuwa anamwoza mwanawe. Jikoni mchuzi wa nazi ulikuwa unatokota. Samaki alikuwa kikande, yule wa ngozi kama msasa. Huku kwetu kikande huuzwa keshachunwa. Hafswa akachungulia minofu. Mingine akaitilia shaka.

"Wifi, vichwa viko wapi?"

"Jaani! Mchuuzi kavikata akavitupa. Harusini nipike vichwa?"

Hafswa akatoka na leso yake mpya, akafukua jaa kwa mikono. Kichwa cha kikande. Kingine cha kikande. Kisha kimoja chenye meno manne tu, mawili juu, mawili chini. Bunju! Familia ya bunju wataalamu waliipa jina kwa meno hayo: Wenye Meno Manne. Sumu yake haishindwi na moto. Nasema tena, haishindwi na moto. Na akishachunwa, kumtenga na kikande ni kazi.

Hafswa akarudi jikoni, akaipindua sufuria nzima mchangani.

"Wageni washakaa mikekani!" Fairuz akapiga yowe. "Watatusema mpaka Kiyama!"

"Na waseme. Maiti hasemi."

Wageni walikula wali kwa achari na ndizi. Fairuz alinuna mwaka mzima. Hafswa hakuomba radhi. Aliwaendea wachuuzi wa Mtongwe, akawabana mpaka wakakubali: samaki achunwe, kichwa kibaki. Hadi leo hufanya hivyo.

Nilimkuta Fairuz matangani, macho mekundu. Akaniambia, "Wote waliokula wali mkavu siku ile wamekuja kumzika. Wote, wallahi. Na bwana harusi kaja na wanawe."

Mume wa marehemu, Bwana Mussab, na jamaa wote, poleni. Mungu amrehemu. Nanyi mlioko sokoni, fikirini. Ukiuziwa samaki aliyechunwa hana kichwa, mrudishe. Muuzaji akinuna, na anune.