Mzinga Nyuma ya Boksibodi

Pale Kanyenye, mjini Tabora, palikuwa na benchi la taruma la reli, limelazwa juu ya mawe mawili. Lilitokaje relini, hakuna aliyeuliza. Hapo Abasi muuza kahawa alitua dele lake kila asubuhi, na hapo walikutana wale ambao Serikali ya Mwingereza haikuwapa kazi, wakafanya kazi kubwa kuliko ya Serikali yenyewe: kujua kila kitu. Jumamosi ile zamu ya kushauriwa ilikuwa ya Nassibu. Nassibu alikuwa na boksibodi, gari kuukuu la bati mbele na mbao nyuma, lililobeba abiria na madebe ya asali kutoka Ndala, na sailensa ya bomba lake la moshi ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imebaki jina. Lilipopita, kuku wa mtaa wa Chemchem waliacha kutaga. Inspekta wa polisi, mzungu ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kusikia mtu akilia kwa kodi, bomba lile alilisikia akiwa kitandani. Akaandika barua: gari lifike bomani leo saa nne, likiwa kimya; likinguruma, leseni inabaki mezani kwake. Sailensa mpya ilikuwa Dar es Salaam, na treni ya kuileta ilikuwa ya wiki mbili mbele. Sasa ilikuwa saa tatu. Nassibu alilala chali chini ya gari, akifunga kipande cha debe kwa waya mahali palipotoboka.

— Debe? alisema Omari, aliyeitwa Bama kwa kuwa alikwenda vitani nchi hiyo ya mbali mara moja na tangu hapo akawa anarudi kila siku kwa mdomo. Kule Bama tulikuwa na malori mia mbili. Mia mbili! Mjapani yuko pale, kama kutoka hapa mpaka msikitini, hasikii kitu. Mnajua kwa nini?

— Alikuwa amelala, alisema Abasi.

— Blanketi! Blanketi la jeshi, unalilowesha, unalizungushia bomba. Wallahi, kimya cha makaburini.

— Litaungua, Nassibu alisema kutoka chini.

— Yaliungua. Tukapewa mengine. Jeshi si kama ninyi raia.

Mayala alitema mate pembeni. Huyu alitia kuni kwenye injini ya treni miaka sita mpaka wakamwachisha, na jina lake kijiweni likawa Stima.

— Hamjui mashine ninyi. Moshi ni nguvu. Wewe Nassibu unainunua nguvu dukani, kisha unaimwaga barabarani.

— Treni inakwenda kwa mvuke, mzee.

— Na mvuke ni nini kama si moshi uliooga?

— Basi moshi wangu uende wapi?

— Urudi ndani! Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Tezi ya jahazi umeiona wapi wewe, aliuliza Bama, na Tabora hii hata mto tunaazima?

Hapo alikohoa Eustace. Eustace alikuwa na cheti cha shule, alitembea nacho mfukoni kama hirizi. Aliomba ukarani ofisi kumi na moja, na zote kumi na moja zilisikitika kwa Kiingereza: we regret. Ndiyo maana wakamwita Wirigreti.

— Gentlemen, this is elementary. Sauti ni hewa. Hewa ikitoka, sauti inatoka. Hewa isipotoka... Alinyanyua kidole. No exit, no noise. Q.E.D.

— Huyo Kyuidii ni nani? Mayala aliuliza.

— Mmoja wa walioninyima kazi. Nisikilizeni. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Maana yake, lisilosemwa halipo. Gari likinyamaza, Inspekta ataona nini? Nothing! Atanyang'anyaje leseni ya kitu kisichokuwepo?

Nassibu akatoka chini ya gari. Alijua huu ni upuuzi. Lakini debe lilikwisha fungwa, na alipozungusha hendeli gari lilinguruma vilevile, vumbi likaruka mpaka kwenye vikombe. Akalizima. Akatazama lile taruma, akaona pale kando ya Eustace pana nafasi, upana wa mtu mmoja. Leseni ikienda, nafasi ile ni yake. Kahawa atapewa, na jina atapewa.

— Haya, alisema kwa sauti ndogo. Tufanyeje?

Ni hapo Mayala alipouona mzinga. Ulikuwa nyuma, ndani ya boksibodi, mzinga mpya wa nyuki wa gome la mti, bado mtupu, mzigo wa abiria wa Ndala. Kabla Nassibu hajasema la, ulikwisha kuvishwa kwenye mkia wa bomba. Bama aliukaza kwa waya kama anafunga mateka. Mayala akauziba vifuniko vyake, mbele na nyuma, kwa matope na mavi ya ng'ombe, jinsi babu yake alivyofunga mizinga porini, kisha akapaka nta kila palipokuwa na upenyo.

— More wax! aliamuru Eustace, ambaye mikono yake ilibaki safi.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Mayala. Sisi tunaziba ufa na ukuta tunajenga. Maradufu.

Nassibu akazungusha hendeli. Gari likasema kho, likafa.

— Mmesikia? aliuliza Eustace.

— Hatukusikia! Bama alijibu kwa furaha.

Wakapeana mikono. Nassibu akazungusha tena. Kho.

— Halijawaka, alisema.

— Inspekta aliandika liwake? Eustace alidakia. Lete barua. Aliandika liwe kimya. Legally, tumeshinda.

— Na bomani nalifikishaje?

— Tutalisukuma, alisema Mayala, akinyoosha kikombe aongezewe. Haraka haraka haina baraka.

Ilikuwa imebaki robo saa. Ndipo akafika Pelagia, mama wa Ndala, kikapu kichwani, amekuja kupanda gari arudi kwake.

— Mwangaluka, aliwaamkia kwa lugha ya kwao.

— Mwangaluka, mayu, walimwitikia mama.

Akalizunguka gari. Akainama nyuma yake.

— Huu si mzinga wa mume wangu?

— Serikali imeuazima, alisema Bama.

Pelagia alipitisha kiganja juu ya matope, taratibu, akitafuta tundu la nyuki.

— Mlango mmeuziba. Sasa moshi utatokea wapi?

Bama akamtazama Mayala. Mayala akamtazama Eustace. Eustace akafungua kinywa kutafuta Kiingereza, hakikuja; akakifungua tena kutafuta Kiswahili, nacho kikasikitika.

Nassibu alikuwa tayari amepiga goti, kisu mkononi.

— Mama, mlango huwa mkubwa kiasi gani?

— Nyuki wawili wapishane.

Akafikiri. Nyuki wa injini yake walikuwa wengi. Akakata tundu la kupita ngumi, akazungusha hendeli. Boksibodi likakohoa, likatema tope, kisha likatulia likivuma chini kwa chini, kama mzinga uliokwisha kuingiwa na nyuki. Kuku waliokuwa wakiparura kando ya barabara hata shingo hawakuinua.

— Panda mbele, mama. Tukitoka bomani nauvua.

— Twende basi, kabla haujashika moto.

Wakaondoka. Na kwa mara ya kwanza tangu sailensa ilipokufa mwezi wa Ramadhani, Nassibu akiwa kwenye usukani alisikia, neno kwa neno, yaliyosemwa nyuma yake.

— Si nilisema? Mzinga niliuona mimi!

— Ulichoona ni matope. Kufunga ni kazi yangu mimi, Bama.

— Excuse me! Na theory ni ya nani?

— Nassibu! Mwambie Inspekta majina yetu! Yote matatu!

Nassibu alikanyaga mafuta kwa nguvu zake zote, walau mngurumo umzibe masikio. Gari halikunguruma.