Bi. Eddah na Akina Munyoki Wanne

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Eddah Kasyoka anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya macho hapa Voi. Alianza akiwa muuguzi kijana wa kupima macho kwa chati ya ukutani. Anaondoka akiwa msimamizi ambaye hata madaktari humwomba ruhusa kabla ya kusogeza meza.

Zamani, aliyelalamika kwamba haoni vizuri giza likiingia aliambiwa ale ini na karoti. Bi. Eddah ndiye aliyegundua kuwa wengine walikula karoti hadi wakazichoka na bado macho yakazidi kufifia, na kwamba wengi wao walikuwa ndugu. Akaanza kuchora koo zao nyuma ya kalenda kuukuu. Tulimcheka sana, na kabati lake likajaa hadi likakataa kufungika.

Miaka mitatu iliyopita watafiti walikuja wakitafuta familia zenye ugonjwa wa kurithi wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Walikuwa wakijaribu dawa ya kupeleka jeni, ile chembe ya urithi, isiyo na kasoro mahali pa ile yenye kasoro, na haisaidii utando ukishakufa. Huko Makwasinyi, Kathini, bintiye Munyoki, alikuwa na miaka tisa na tayari alijikwaa kila jioni. Hakuwa na muda wa kupoteza.

Watafiti walitegemea michoro ya Bi. Eddah, na hapo ndipo alipoboronga. Katika familia ile kila ndugu alimpa mwanawe wa kwanza jina la babu, kwa hivyo kulikuwa na akina Munyoki wanne. Yeye, Mkamba halisi aliyepewa jina la nyanyake na aliyeijua vyema desturi hiyo, aliwaandika wawili kama mtu mmoja. Damu ikachukuliwa kwa Munyoki asiyehusika, na majibu yakadai kwamba Kathini si mtoto wa babake! Watafiti wakaandika kuwa familia hiyo itaondolewa.

Mwingine angelaumu maabara. Bi. Eddah alisimama mkutanoni akasema kosa ni lake, kisha akafunga safari hadi Makwasinyi. Aliwakusanya wote kanisani, vitambulisho mkononi, akawaandika upya: Munyoki wa duka, Munyoki wa redio, Munyoki mrefu, na Munyoki ambaye pia ni mrefu lakini alichelewa kufika. Huyo mchelewaji ndiye baba. Majibu yake yalilingana, na Kathini akaingizwa kwenye majaribio siku mbili kabla ya orodha kufungwa.

Dawa bado inachunguzwa na hakuna anayeahidi miujiza. Lakini jicho la Kathini lililotibiwa linaona vizuri zaidi kwenye mwanga hafifu kuliko mwaka jana. Tulipopata habari, Bi. Eddah alilia mbele ya wagonjwa, kisha akatuamuru turudi kazini.

Asante, Bi. Eddah, kwa kutufundisha kuuliza mgonjwa ni wa ukoo gani kabla ya kumwandikia dawa. Tunakuombea heri na siku nyingi za raha shambani kwako Kasigau. Kathini ametuma salamu: atakuja kukutembelea, na usimharakishe kuondoka jua likizama, kwa sababu njia ya kurudi nyumbani sasa anaiona.