Ukurasa wa Kumi na Moja wa Bijaya Samaddar

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, na aliye na chai mkononi asiiache ipoe. Leo tunamkumbuka Bijaya Samaddar, mwalimu wa lugha yetu ya Kibengali, aliyefariki hapa Kolkata wiki tatu zilizopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Nisiwafiche, nimeingia studio nikiwa nimekasirika. Mtanivumilia.

Bijaya alitaka jambo moja tu. Alitaka kusoma makala yake mbele ya wasomi, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kurasa kumi na moja. Sikusema mia moja na kumi, nimesema kumi na moja! Alikwenda kwenye mkutano wa fasihi ya Kibengali kila majira ya baridi, miaka ishirini na tatu. Hakufika mwisho hata mara moja.

Makala yenyewe ilihusu nyimbo za wanawake waliotwanga mpunga kwa kinu cha kukanyaga kwa mguu, vijijini Birbhum, kabla mashine hazijaingia. Wasomi walishasema nyimbo hizo hazina mwenyewe. Bijaya hakukubali. Akapanda mabasi, akapita matutani mwa mashamba viatu mkononi, akakaa jikoni na vikongwe akiwamenyea viazi huku wakiimba. Akagundua kwamba kila mtunzi alijitaja kwa jina katika mstari wa mwisho, kama walivyofanya washairi wetu wakubwa wa kale. Wakusanyaji waliotangulia waliuona mstari huo kuwa majivuno ya kike, wakauacha. Bijaya akaufuata kwa mabinti na wakaza wana, akapata majina tisa. Yote tisa aliyaandika kwenye ukurasa wa mwisho, ule wa kumi na moja.

Sasa, mikutano yetu mnaijua. Kadi inasema saa nne, taa ya ufunguzi inawashwa saa tano na nusu. Wimbo. Mgeni rasmi avishwe shali ya heshima. Mgeni maalumu avishwe shali. Mwenyekiti naye avishwe, asije akanuna. Kila mmoja apewe maua, kila mmoja asomewe wasifu wake tangu alipoanza shule, halafu kila mmoja aseme "maneno mawili tu". Maneno mawili ya profesa wa Kibengali, jamani, dengu huiva yakiendelea! Ikifika zamu ya Bijaya zimebaki dakika saba, na kabla hajageuza ukurasa wa tano kinaletwa kikaratasi mezani: muda umekwisha.

Mwaka mmoja alifika ukurasa wa kumi. Ukumbi ulikuwa kimya, watu wanasikiliza kweli. Mara mgeni maalumu akaingia, amechelewa saa tatu nzima. Bijaya akasimamishwa ili mzee avishwe shali. Shali haikuonekana, ikatafutwa, na ilipopatikana ikawa saa ya chakula.

Mdogo wake, Shefali, aliyeishi naye mtaani Behala, ameniambia, "Siku ile alirudi hakula hata samaki. Nikamwambia, dada, hivi wewe una akili kweli? Si uanzie ukurasa wa mwisho, uwakomeshe! Akanijibu, 'Shefali, jina hukaa mwishoni mwa wimbo. Wenyewe ndiko walikoliweka. Mimi ni nani niwapangie?' Alikuwa mkaidi huyo, acha tu."

Mtauliza, kwa nini hakuichapisha? Aliichapisha! Kitabu cha mkutano kilitoka baada ya miaka sita, makala imo, kurasa kumi. Ukurasa wa mwisho uliondolewa ili picha ya mgeni rasmi ipate nafasi. Bijaya aliangalia kile kitabu, akakirudisha mezani, akaanza kujiandaa kwa mkutano uliofuata.

Jumapili iliyopita wakuu wa mkutano walimfanyia kikao cha kumkumbuka. Wakaahidi kwamba safari hii makala itasomwa yote, na Shefali ndiye atakayeisoma. Mimi nilikuwepo. Picha ya marehemu ikavishwa shada. Wazungumzaji tisa wakapanda jukwaani, na kila mmoja alitusimulia jinsi yeye alivyomsaidia Bijaya. Shefali aliitwa saa nane kasoro dakika kumi, harufu ya biriani imeshajaa ukumbini.

Alikuwa ukurasa wa nane kikaratasi kilipoletwa.

"Hiki ni cha nini?" Shefali akauliza kwenye kipaza sauti.

Katibu, Profesa Chakladar, akainama kwa upole. "Dada yangu, muda. Wageni wanatoka mbali, na biriani inapoa."

"Profesa, dada yangu amekufa. Mnamwambia muda wake umekwisha?"

"Mawazo yake tunayajua, dada. Tumeyaenzi."

"Haya, nitajie jina moja tu la mwanamke mmoja aliyemo humu."

Profesa akatazama dari. Watu walishaanza kupanga foleni ya chakula.

Nilitoka pale natukana kimoyomoyo. Lakini nimekaa hapa leo, na saa ya ukutani inanisuta. Nimefanya nini mimi? Nimemsifu Bijaya, nimewacheka maprofesa, na kipindi kimekaribia kwisha. Kumbe na mimi nimeleta shali yangu.

Kwa hiyo basi. Kwa Shefali na ukoo wote wa Samaddar, poleni sana, tunaomboleza pamoja nanyi. Kwetu tuliobaki, kila mtu ajiulize ni nani anayesubiri zamu huku sisi tunapeana maua. Mtayarishaji wangu ananionyesha saa kupitia kioo. Na aonyeshe. Shefali amenipa ukurasa wa kumi na moja, na nausoma.

"Watunzi wa nyimbo hizi ni hawa. Nistarini. Khantamani. Rabeya. Sukhada, aliyekuwa kipofu. Bindubasini. Ahladi. Moyna, aliyetunga saba. Khodeja. Na Golapjaan, aliyetwanga mpaka siku ya kujifungua. Wimbo wake unaishia hivi: Anayesema ni Golapjaan. Mkila wali huu, nitajeni."